Kituo Kimoja Wilayani

Wiki iliyopita, kwenye safu hii, niliandika jina la zahanati iliyoishiwa chanjo ya surua, maana mwanangu bado hajachanjwa. Kabla halijachapwa, mhariri akanipigia: “Dada, leseni ya gazeti tunaiomba upya mwezi huu, tusiwaudhi wakubwa. Weka tu ‘kituo kimoja wilayani Kibondo’.” Nikakubali, naogopa mimi, nina mtoto.

Jana nimerudi palepale zahanati. Mama mmoja kashuka kwenye bodaboda, katoka Kakonko, mtoto mgongoni, gazeti letu mkononi.

“Mwenzangu, nimesoma kuna kituo hakina chanjo, nikadhani ni kingine, nikasema nisihangaike, nije hiki.”

Nesi akafunga dirisha. “Chanjo hakuna, mama.”

Yule mama akanigeukia. “Hivi hawa wa magazeti, kutaja jina kunawauma nini?”

Nikajifanya nambembeleza mwanangu. Na leo, mnaona wenyewe, sijalitaja.