Kiingereza cha Kuchekea

Bi Mwatima wa Mkunazini, jirani yangu mlango kwa mlango, alianza kujifunza Kiingereza uzeeni, na mwalimu wake alikuwa chizi mmoja wa video za kuchekesha kwenye simu. Mwanamume mzima, kajifunga kanga, kajipaka wanja, anafundisha Kiingereza cha mitaani huku akianguka na kuinuka. Bi Mwatima aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafinyanga kachori zake za kuuza, na kila neno akalirudia kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Sababu ilikuwa moja tu: Nadra, mjukuu wake. Gharib, mwanawe wa pekee, alikwenda Uingereza kutafuta kazi, akaoa hukohuko, akapata binti, na Kiswahili alichomfundisha kiliishia kwenye neno "Bibi". Hilo lilinikera, wala sikuficha.

"Mtoto hana hata lugha ya kumwamkia nyanyake! Aibu gani hii?"

"Basi mie n'tajifunza yake," Bi Mwatima alinijibu. "Kuna ubaya?"

Akajifunza. Si ya skuli, ile ya mzaha. Ijumaa jioni Nadra anapopiga, Bi Mwatima hutengeneza mtandio wake, akakaza uso, akasema, "Wagwani, bro!" yaani mambo vipi, ndugu yangu. Mtoto kule hucheka mpaka akaanguka kitini. Kisha "Tekit izi," usijipe tabu. Kisha "No wariz, meti," usijali, rafiki. Mwanzo niliona upuuzi mtupu. Baadaye nikawa kila Ijumaa nimeshajikalia pembeni, nasubiri na mimi nicheke.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, Gharib alianguka kazini na hakuinuka. Alizikwa hukohuko. Viza haikupatikana, na mama yake uso wa mwanawe hakuuona tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nyumba ikajaa watu. Sisi hapa mtu akifiwa hatuna maneno mengi. Unaingia, unamshika mkono, "Pole, Mungu akupe subira," kisha unakaa mkekani karibu yake, kimya. Kule kukaa ndiyo pole yenyewe. Wapo waliokaa mchana kutwa na hawakusema jingine.

Simu ikalia. Alikuwa Nadra. Silima, mtoto wa kaka yake Bi Mwatima, ambaye kazi yake ni kutembeza watalii, akaipokea na kuzungumza naye kwa Kiingereza chake kizuri. Mtoto hakukitaka.

"Shangazi, anakutaka wewe. Anasema anamtaka Bibi."

Bi Mwatima akaishika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo mtoto kavaa sweta la baba yake, mikono imemzidi urefu, analia. Nilimwona Bi Mwatima akifungua mdomo na kuufunga. Alikuwa akitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa la kuchekea. Basi akafanya analolijua. Akakaa. Akamtazama mjukuu wake, kimya, kama sisi tulivyokaa naye yeye.

"Helo? Bibi? Helo?"

Kioo kikawa cheusi.

"Kakata?" Bi Mwatima akauliza.

"Kadhani mtandao umekwenda, Shangazi. Ukinyamaza kwenye simu, mtu hajui kama upo."

"Lakini nlikuwapo, Silima. Nlikuwa nimekaa naye."

Mimi nilitaka kumpiga mtu, sijui nani. Silima akamtajia maneno ya pole ya Kiingereza. Bi Mwatima akajaribu kuyasema, yakamvunjikia mdomoni. Akajaribu tena, kilio kikamziba.

"Mpigie hivyohivyo," akamwambia Silima.

Nadra akatokea, macho mekundu. Bi Mwatima akavuta pumzi na, mbele ya mikeka yote ya msiba, akasema, "Wagwani, bro."

"Astaghfirullahi! Msibani hapa?" mama mmoja akanong'ona nyuma yangu. Nikamgeukia nikamwambia anyamaze au atoke.

Nadra hakucheka. Alijifunika uso kwa mkono wa sweta akalia zaidi, na Bi Mwatima akanitazama mimi, nimwambie kama kafanya vyema au kaharibu. Sikujua. Wala leo sijui.

Ila simu haikukatika. Mtoto alilia, bibi yake akakaa naye, na kila kimya kilipotaka kurefuka, kwa hofu asije akadhani hayupo, alitoa neno. "Tekit izi." Akangoja. "No wariz, meti." Machozi yalimfika kidevuni, na sauti ilikuwa ileile ya yule chizi, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuyatamka. Maneno yenyewe hayakuwa mengi, yakamwishia. Akafuta pua kwa upindo wa kanga, akaanza tena mwanzo.

"Wagwani, bro."