Waya wa Shaba Kwenye Mguu wa Masanja

Aibu ile niliipata mchana kweupe, mbele ya baraza zima la wagonjwa wa hospitali ya mgodi, na mtu akikusimulia kwa namna nyingine ujue hakuwepo. Uvumilivu ulinitoka pale dresa, msaidizi wa daktari, alipotoka na picha ya eksirei ya mwanangu Masanja, akatangaza kama yuko mnadani:

"Mama Masanja, mifupa ya mtoto inayeyuka. Huyu unamlisha nini?"

Masanja alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa pamba akavunjika muundi, akafungwa plasta, na siku hiyo tuliahidiwa kwamba picha ikionyesha mfupa umeunga, plasta inakatwa, mtoto anatembea. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni na plasta yake muda wote ule, nikamnywesha maziwa mpaka mawifi wakanung'unika, halafu niambiwe namshindisha njaa. Nikamnyang'anya dresa picha, nikaiinua juani.

"Nimesoma sekondari mimi, usinitishe." (Nimesoma kweli, ila somo la mifupa lilikuwa ukurasa mmoja wenye mchoro wa kuku.) "Cheupe ni mfupa. Haya tazameni wote, palipovunjika ni peupe kuliko kote, mfupa mpya umejizungushia. Lete mkasi wa plasta."

Watu wakasogea, mzee mmoja akanipongeza, nami nikazidi kufundisha kwa kidole, mpaka mama mmoja wa Tinde aliyefungwa mkono akasema taratibu, "Mayu, mama yangu, tangu lini mfupa ukapigwa fundo?"

Masanja, mtoto msikivu, akaifunua kanga niliyomfunika mguuni akawaonyesha: waya wa shaba wenye dawa ya kienyeji, ambao mama mkwe aliuzungusha juu ya plasta, pale pale palipovunjika, ili mfupa uunge haraka. Asubuhi niliuona. Nikajisemea nikiuvua tutagombana naye na lori litatuacha, basi nikaufunika. Baraza lilicheka mpaka mgonjwa mmoja wa mbavu akaomba wenzake wamhurumie.

Daktari akatoka kwa zile kelele. "Waya umeziba mahali nilipotaka kupaona," akasema, ukavuliwa, picha ikapigwa upya. Safari hii alinionyesha mwenyewe: kwenye ufa palikuwa na wingu jeupe, mfupa mpya unaoota, kwingine mguu ulikuwa hafifu, wa kijivu, kwa sababu mfupa usiofanya kazi mwili unaumega zaidi kuliko unavyoujenga.

"Kwa hiyo si njaa," nikasema.

"Si njaa. Akitembea, mfupa utarudi kuwa imara."

Plasta ikakatwa. Masanja akasimama, kamguu kembamba kama fimbo, akinishika gauni. Ningeweza kuondoka hapo, lakini barazani hakuna aliyesikia maneno ya daktari. Walibaki na ya dresa, na dresa alikuwa amejipoteza kwenye chumba cha dawa. Nikaomba karatasi, nikaandika nimesimama:

"Kwa Bwana Mganga Mkuu. Nalalamika kwamba dresa wako alimpiga mwanangu picha bila kumfunua mguu, kisha akanisingizia njaa mbele ya watu. Naomba atoke aseme kwamba mtoto hakunyimwa chakula, na asemee pale pale barazani, kwa sauti ile ile. Waya ni kosa langu, sitalirudia, na nimeshachekwa vya kutosha. Sasa ni zamu yake. Ninasubiri hapa nje. Mama Masanja."