Picha Ambayo Salumu Alikataa Kuipiga

Akili yangu inakataa kabisa, jamani. Jumatatu Salumu alilazwa kwa presha, Alhamisi tukaambiwa hatunaye.

Wengi mlimjua kama mpiga picha wa Chang'ombe. Mimi nimefanya naye kazi miaka sita, na leo naomba niseme kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka ule wa ukame, ofisi ilitutuma kijijini kupiga picha za ripoti. Tulimkuta bibi mmoja anatusubiri mlangoni. Kajipaka mafuta, kavaa gauni lake la kanisani.

Nikamwambia akabadilishe, avae kanga iliyochanika. Ndiyo, mimi.

Salumu akashusha kamera. "Yona, huyu mama kajiandaa kwa ajili yetu. Mimi siwezi."

"Deadline ni kesho, bwana!"

"Basi piga wewe."

Nikapiga kwa simu. Bibi alinitii, akainamisha kichwa nilivyomwelekeza.

Tuliiweka kwenye page ya ofisi, ikasambaa sana. Ofisini wakanipongeza: "Big up, Yona!"

Wiki mbili baadaye mjukuu wa yule bibi akanipigia simu. "Bibi anauliza, hivyo ndivyo mlivyomwona?"

Nikaenda kumweleza Salumu.

Hakunilaumu. Kumbe kabla sijafungua mdomo siku ile, alikuwa ameshampiga picha moja akiwa na gauni lake. Akaisafisha kubwa, akaitia fremu, akanipakia kwenye pikipiki yake tukarudi kule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ninyi ndio wale?"

Aliishika ile fremu muda mrefu. Akaipangusa kwa kiganja, wala haikuwa na vumbi. Kisha akasema, "Ile nyingine itoeni."

Niliitoa kwenye page yetu. Lakini watu walikuwa wameshaichukua, na mpaka leo nakutana nayo mitandaoni. Moyo unaniuma kila mara.

Tangu hapo, tukifika kwa mtu, Salumu alikuwa ananigusa kiwiko. "Muulize kwanza anapenda aonekane vipi." Mimi ndiye bosi wa safari, lakini nilikuwa namtii.

Jana tumemzika kwao Kondoa. Udongo ulipoanza kushuka, simu zikainuliwa kila upande. Na yangu pia. Halafu nikaishusha, nikairudisha mfukoni.

Kaka, nilikushukuru kwa kazi mara nyingi, ila msamaha wa siku ile sikuwahi kukuomba. Nakuomba leo, nikiwa nimechelewa.

Sina picha yako hata moja ya jana. Nilisimama tu nikakutazama mpaka mwisho.

Ulale salama, Salumu wangu.