Mukono wa Duka na Mukono wa Soko

Munajua kwa nini niliacha kununua nguo dukani? Sokoni, kando ya muto Lualaba, wauzaji walipima nguo kwa mukono wa muntu murefu anayepita, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Lakini mungwana mwenye duka alimuita muke wake, mufupi kuliko wote, apime nguo yangu kwa mukono wake.

“Mukono njo mukono, mama!” akanichekea.

Nguo haikunizunguka. Nilirudi nyumbani nimeishika nyuma.

Nikamungoja. Akapata wageni, akaja kwangu, mimi musuka mikeka, kutaka mikeka ya kulalia ya mikono ine. Nikamuita mujukuu wangu mudogo apime.

“Lakini huyu mutoto!”

“Mukono njo mukono, bwana!”

Wageni wake walilala miguu iko kwenye udongo! Nilicheka mpaka machozi. Mujukuu akaniahidi: “Nyanya, nitakula kidogo, mukono usikue haraka.”