Boga Mgongoni kwa Ferista

Watu wa kijiji cha Ruanda walimpenda Ferista kwa sababu hakulia. Lori lilipofeli breki likaparamia gulio na kumuua mdogo wake Goodness, palepale ubavuni pake walipokuwa wakiuza ndizi, Ferista ndiye aliyesonga ugali wa msiba, akapakua, akaosha na masufuria. "Mwanamke jasiri!" alisema Shadrack, mzee wa kanisa, huku akiongezewa maharage. Tangu hapo kila penye msiba anaitwa, kama turubai.

Hakuna aliyemuuliza. Na angewaambia nini? Kwamba anaitazama mikono yake ikimenya viazi kama mikono ya jirani? Kwamba chai ikimuunguza anajua tu kwa kuona mvuke? Hayo angeyavumilia. Kilichomtisha, kwa mbali, kama redio ya nyumba ya tatu, ni Pendo, bintiye anayenyonya bado. Akimkumbatia, hasikii kitu. Na mtoto si mjinga: siku hizi akilia anamnyooshea mikono bibi yake, Mama Zabron.

"Itafika siku hatanijua," Ferista alimwambia mumewe.

"Umechoka tu," Zabron akajibu, akamega tonge.

Asubuhi ya kuchuma kahawa, mtoto na boga la chakula cha mchana walikuwa kwenye mkeka mmoja. "Wewe beba mtoto, boga nitalileta mimi," Mama Zabron aliagiza kutoka jikoni. Ferista akainama, akafunga kitenge barabara, akapanda kilima akipigapiga mgongoni na kubembeleza.

Wachumaji wakamwona.

"Mama Pendo! Mwanao kanenepa, unamlisha nini?"

"Na nywele zimekwenda wapi?"

"Muacheni, kafanana na Zabron!"

Walicheka mpaka vikapu vikamwagika. Ferista akafungua kitenge, akalitazama boga. Akangoja aibu. Haikuja hata aibu, na hapo ndipo alipokaa chini.

Mama Zabron akatokea akihema, mtoto kiunoni. Wote wakasubiri matusi. Ulimi wa mama yule unajulikana mpaka Vwawa.

"Chumeni kahawa! Meno yenu tumeshayaona." Kisha akachuchumaa. "Geuka, mwanangu."

"Mama, mchukue tu wewe. Mimi sipo."

"Nimesema geuka. Alipokufa mwanangu wa kwanza nilikuwa gogo mwaka mzima. Zabron nilimbeba hivyohivyo, gogo. Akakua. Uzuri tu ndio hakupata."

Akamfunga Pendo mgongoni kwa mamaye. Ferista akachuma. Mtoto alilia, akamtafuta bibi, akachoka, akalaza shavu. Halafu akakojoa.

Mkojo ukateremka uti wa mgongo mpaka kiunoni. Ferista akasimama, mkono umeshika tawi.

"Mama."

"Nini tena?"

"Ni wa moto."

"Ulitaka utoke kwenye friji?"

"Mama, nimeusikia. Ni wa moto." Machozi yakaanza, mabaya, yenye kamasi, mbele ya watu wote.

Mama Zabron akanyoosha mikono ampokee mtoto akambadilishe. Ferista akalikaza fundo la kitenge.

"Niachie kwanza," akasema. "Muache alowe na mimi."