Kaaha na Wanawake Ambao Hawakuulizwa

Kaaha Warfa alizaliwa Habaswein, na Kiswahili chake alikipata shuleni kwa mwalimu mgeni aliyekuwa akiwacheka watoto wakisema "bole" badala ya "pole". Mpaka leo Kaaha husema "bole", na hajali. Alipoolewa alihamia Galbet, mjini Garissa, na kwa miaka kumi na moja akawa mkalimani mahakamani. Kila kesi aliapa kutoongeza neno wala kupunguza. Mshtakiwa akitukana kwa Kisomali, Kaaha alitukana kwa Kiswahili, uso mkavu, na hakimu akatazama dari.

Ndiyo maana mradi wa utafiti ulipokuja mjini na kukodi vyumba vitatu nyuma ya zahanati moja ya uzazi, alitafutwa yeye. Mradi ulitaka kujua kwa nini watoto wengi wa upande huu hufia tumboni. Jambo jema, nani angelipinga? Kaaha mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili waliozaliwa bila pumzi.

Msimamizi wa mradi alikuwa Deeq, mwanamume wa hapahapa Garissa aliyesomea ng'ambo. Siku ya kwanza alimkabidhi Kaaha fomu ya ridhaa yenye kurasa sita, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Kisomali hakikuwemo, ilhali karibu kila mama aliyelala pale hakujua lugha nyingine.

"Eeddo," Deeq alimwambia kwa heshima, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "ukisoma yote utamaliza siku nzima na mama mmoja. Waambie tu tunataka kuhakikisha mama na mtoto wako salama. Kisha waweke kidole."

Na Kaaha akawaambia hivyo. Lazima lisemwe, kwa sababu yeye mwenyewe halifichi. Kwa miezi minne aliwashika wanawake mikono, wengine uchungu umeshawabana, akaviongoza vidole vyao kwenye wino.

Mwezi wa tano akaja Yurub. Alikuwa na miaka ishirini na minne, amezaliwa na kukulia kwenye kambi za wakimbizi Dadaab. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika mwezi wa nane, kwa hiyo safari hii alipewa kibali cha kutoka kambini aje ajifungulie Garissa. Aliletwa na mama mkwe wake, Fatumo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ngamia. Alfajiri ya Jumanne Yurub akapata mtoto wa kike, mzima, analia. Fatumo alimshukuru Mungu, akambusu mjukuu, kisha akamgeukia muuguzi.

"Nipe kondo, nikalizike."

Kaaha akatafsiri. Muuguzi akajibu kwamba kondo la nyuma lilikuwa limeshatupwa shimoni.

"Shimo liko wapi? Nionyeshe."

"Limefungwa."

"Basi lifunguliwe. Ile ni nyama ya mtu. Imemlisha mjukuu wangu miezi tisa, halafu mnaitupa kama ganda la tikiti?"

Muuguzi akamtazama Kaaha, na yale macho yalikuwa yakimwomba amtulize bibi kizee. Badala ya kumtuliza, Kaaha alitoka nje, akamwuliza mfagiaji shimo liko wapi. Mfagiaji akashangaa. Makondo, alisema, hayajawahi kutupwa tangu mradi uje. Yanapelekwa chumba cha mwisho.

Chumba cha mwisho kilikuwa na majokofu mawili marefu. Kaaha alifungua la kwanza. Mifuko ilikuwa imepangwa kwa safu, kila mmoja na namba, na kwenye ule wa juu kabisa tarehe ilikuwa ya siku ileile. Hapakuwa na jina hata moja.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akaisoma fomu yote kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa nne ulisema kondo zima litachukuliwa, litahifadhiwa kwa muda usiojulikana, linaweza kusafirishwa nje ya nchi na kutumiwa katika utafiti wowote wa baadaye. Ulisema pia mama ana haki ya kukataa, na kwamba matibabu yake hayatabadilika. Miezi minne! Maneno yale yalikuwa mkononi mwake miezi minne, naye alikuwa akiyaruka.

Alimkuta Deeq ofisini.

"Mmemwambia Fatumo uongo."

"Muuguzi alikosea kusema," Deeq akajibu. "Lakini mama yake mtoto aliweka kidole. Kisheria tuko sawa."

"Aliweka kidole kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa yako."

Deeq akashusha pumzi. "Eeddo Kaaha, tuongee ukweli. Hawa wengi ni wakimbizi, au wachungaji wa Buna huko. Kesho hawapo. Nani ataanza kuwaeleza habari za vinasaba? Tunawasaidia hata kama hawaelewi."

Kaaha alifungua ukurasa wa kwanza akamsomea, kwa sauti ileile ya mahakamani, kwamba mradi unafuata mikataba ya kimataifa inayoheshimu utu wa kila binadamu.

"Nionyeshe," alisema, "ni wapi wameandika isipokuwa mkimbizi. Ni wapi wameandika isipokuwa mchungaji wa Buna. Nimetafuta sijaona. Au binadamu ni yule anayeweza kukushtaki?"

Deeq alimwomba afunge mlango akitoka.

Kaaha aliuacha wazi. Alikwenda wodini, akasimama katikati ya vitanda, akaisoma fomu yote kwa Kisomali mbele ya akina mama kumi na mmoja, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuruka neno. Alipofika ukurasa wa nne alianza kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyewaficha, na kwamba anawaomba msamaha. Mama mmoja aligeukia ukutani. Mwingine akamlaani waziwazi, na Kaaha akaipokea laana. Wale waliosemekana hawawezi kuelewa wakaanza kuuliza. Ng'ambo ni wapi? Nani atauziwa? Je, mtu akifa, lile kondo litaendelea kukaa kwenye barafu?

Kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa kazi. Yurub na Fatumo walirudi Dadaab kesho yake, kwa kuwa kibali kilikuwa kimekwisha, bila kondo.

Mtu mwingine angeishia hapo. Kaaha alikwenda kwa Nunow, karani wa mahakama aliyefanya naye kazi zamani, akamwambia apige chapa anavyosema. Barua ikawa ya kurasa tatu, kwa kamati ya maadili ya utafiti iliyokuwa imeupa mradi ruhusa. Nunow alitaka kupunguza makali. Kaaha akamkatalia. Miezi mitatu ikapita kimya. Akaandika tena. Jirani zake walimwambia ameharibu riziki ya watu, na wengine wakanong'ona kwamba aliahidiwa cheo akakikosa.

Hatimaye walikuja wanakamati wawili, wakaketi kwenye ukumbi wa zahanati. Deeq alieleza vizuri sana. Alisema mila za wenyeji zingezuia sayansi, na kama wanawake hawa wangeulizwa kwa kirefu, wote wangekataa, na watoto wangeendelea kufa.

Yurub, aliyepelekewa habari na Kaaha, alikuwa amekaa nyuma na Fatumo, mtoto mgongoni, baada ya kukimbizana na kibali kingine kwa majuma mawili. Aliinuka. Kaaha akasogea kumtafsiria.

"Mtoto wangu wa kwanza alikufa tumboni," Yurub alisema. "Na mimi nataka kujua kwa nini. Nani anataka kujua kuliko mimi? Mngeniuliza, ningekubali. Kiasi gani kinawatosha?"

Mjumbe mmoja wa kamati, mwanasayansi, akajibu kwamba kwa kawaida kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha.

Kaaha alichelewa kutafsiri. Ukucha! Zima lilichukuliwa kwa sababu lilikuwepo, na kwa sababu mwenyewe alihesabiwa kuwa mtu wa kupita. Alipotamka neno lile kwa Kisomali, Fatumo alipiga kelele hata mtoto akaamka.

"Chukueni ukucha wenu," Yurub alisema. "Kilichobaki nirudishieni, mama mkwe wangu akizike."

Kamati iliusimamisha mradi. Iliamuru kila mama atafutwe, aelezwe kwa Kisomali, na achague. Lakini akina mama walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na mradi ulikuwa umeandika namba bila kujali njia ya kuwapata wenyewe. Walipatikana sitini na mmoja, Yurub akiwemo. Na Deeq hakusema kweli kwamba wote wangekataa: zaidi ya nusu ya hao walikubali kutoa kipande. Waliobaki walikuwa wamehamia na mifugo, wamevuka mpaka kurudi Somalia, wamebadilisha simu.

Deeq alihamishiwa mradi mwingine, mji mwingine, na mshahara mzuri zaidi. Kaaha alirudi mahakamani. Wakili wa mradi alipomwambia faili limefungwa, alimwuliza nani ataendelea kuwatafuta wale mia moja hamsini na mmoja. Wakili akasema hilo haliko kwenye amri.

"Bole basi," Kaaha akamwambia. "Liko kwangu."

Kila Alhamisi asipokuwa na kesi, hupanda gari la Dadaab. Huketi penye mabomba ya maji, huuliza nani alijifungulia Garissa mwaka ule. Yurub huandamana naye, maana anajulikana kule. Mpaka sasa wamewapata tisa. Kila mmoja, Kaaha humsimulia yote, tangu ukurasa wa kwanza, na kila mara, akifika pale penye ukucha, hasira humpanda upya kama siku ile.