Begi la Nepi Porini

Siku za kazi Fundi Kimya alichomelea vyuma, na siku nyingine zote alizoweza kuiba aliwinda. Jina la Kimya alilipata porini, si karakanani, maana hakuna binadamu anayeweza kuwa kimya na nyundo mkononi. Porini alikanyaga majani makavu na majani yenyewe yasijue. Tangu siku moja kabla ya safari hakugusa sabuni, hakupaka mafuta, hakukaa karibu na mvuta sigara, na wenzake aliwachunga kama mwalimu wa zamu. Msimu mmoja alimrudisha nyumbani mtu mzima na ndevu zake, shemeji wa mkuu wa kundi lao la wawindaji, kwa sababu alikuja amejipaka mafuta ya nywele yanayonukia.

"Nguruwe wana pua, bwana," alimwambia. "Wewe nenda harusini."

Mkuu mwenyewe aliitwa Tarumbeta, na ukimsikia akinong'ona ungejua kwa nini. Kundi lake lilikuwa na kibali cha kupunguza nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mahindi ya watu pembezoni mwa mji. Kila msimu walipiga hema porini wakarudi siku ambayo nguruwe wangewaruhusu. Hakuna aliyemuuliza Kimya alikuwa wapi, wala yeye hakuwa na wa kumjibu.

Halafu akaoa, na mtoto akazaliwa.

Alikuwa binti, mdogo kama mkate, na sauti aliyokuwa nayo Tarumbeta angeionea wivu. Kimya alimpenda papo hapo, kwa namna iliyomtisha. Lakini msimu nao ukafika, na bunduki ilikuwa palepale kabatini, ile aliyoachiwa na marehemu baba yake. Porini ndipo mahali pekee alipohisi kwamba mzee yule ni wake. Nyumbani hawakuwa wakionana. Utotoni alimjua baba kwa sauti ya mlango unaofungwa alfajiri, basi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali.

"Sikukatazi, baba mtoto," alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Nilikukubali nikijua una bunduki. Ila mama anakuja kunisaidia asubuhi tu, adhuhuri anaondoka, na mimi nina sare za shule nzima zinanisubiri. Adhuhuri uwe mlangoni. Ukichelewa hata mara moja, bunduki inahamia kwa Tarumbeta, na wewe unahamia kwenye nepi."

Kimya akaitikia, akatoka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuwinda nguruwe kwa asubuhi moja! Tarumbeta alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwindaji wa saa za ofisi! Utatuletea na barua ya ruhusa kutoka kwa mama mkwe?"

Kimya alijichekesha. Moyoni ilimuuma, maana alijua ni kweli: asubuhi moja haitoshi.

Alfajiri ya safari aliamua kuwaonyesha watu wa nyumba ile mwindaji ni nani. Hakuwasha taa. Aliteremka kitandani bila kitanda kulia, akavaa gizani, akatoa bunduki kabatini, akapapasa msumari ulio nyuma ya mlango na kuchukua begi lake. Mtoto hakujigeuza hata kidogo. Kimya akatoka amevimba kichwa kwa fahari. Alisahau jambo moja tu: kwamba mkewe, mwanamke asiyetupa kipande cha kitambaa, alikuwa amekata turubai moja akashona mabegi mawili, la baba na la mtoto, yakafanana kama pacha, na yote mawili yalining'inia kwenye msumari uleule.

Nguruwe walikuwa wamejilaza katika kichaka kikubwa kati ya mashamba na kijito. Kichaka kile kilikuwa na njia mbili za kutokea. Moja ilikuwa pana, upande wa kijito, na Tarumbeta alipanga watu wake huko. Nyingine ilikuwa mwanya mwembamba juu, ambako kila msimu lile dume zee, lililoitwa Mwenye Shamba kwa jinsi lilivyokula mahindi bila aibu, liliwaponyoka na kuwakimbiza kutwa nzima. Mwanya ule akapewa Kimya.

Kelele za wapiga madebe, waliopangwa kuwafurusha nguruwe, zilipoanza upande wa pili, Kimya akapiga goti, akafungua begi atoe risasi. Mkono ukakutana na kitu laini. Akatoa nepi. Akatoa nepi nyingine. Akatoa kopo la poda, chupa ya mafuta ya mtoto, na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ambao hakuhitaji kuufungua kujua una nini.

Akapiga hesabu. Risasi ziko nyumbani. Simu iko nyumbani, ndani ya begi hilohilo la risasi. Mtoto hana nepi, mama mtoto anatafuta nepi, na adhuhuri inakuja vilevile. Upepo ukampita ukaingia kichakani, umebeba harufu ya poda. Akamkumbuka yule shemeji wa Tarumbeta, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alikuwa amekwishasimama akamwambie mkuu aibu yake, mara akasikia matawi yakivunjika ndani ya kichaka. Wanakuja. Wanakuja kwake, kama kila msimu, na yeye ameshika bunduki ambayo sasa ni fimbo tu.

"Nguruwe wana pua, bwana," akajiambia, na safari hii maneno yakamwingia.

Akaruka. Alitundika nepi kwenye miiba ya mwanya wote, huku na huku, akazimwagia mafuta, akatifua poda hewani mpaka akapiga chafya, yeye Kimya, chafya ya kusikika kijitoni. Mwisho akafungua na ule mfuko wa nailoni, kwa heshima zake zote, akauacha upepo ufanye kazi. Dume likatokeza pua kati ya majani. Likanusa. Kimya anaapa hadi leo kwamba liliguna. Likageuka na kundi lake lote nyuma yake, likateremka mbio kwenda kijitoni, mahali ambapo halijawahi kukanyaga wakati wa hatari. Bunduki za watu wa Tarumbeta zikalia, zikanyamaza. Jua lilikuwa bado halijapata makali, na Mwenye Shamba amelala kando ya maji.

Tarumbeta alipopanda kumtafuta alimkuta anaanua nepi.

"Wee! Umekuja kuwinda au kufua?"

"Vyote viwili, mkuu."

Tarumbeta alivuta harufu, akatazama kopo la poda, akatazama chini kijitoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema kwa sauti ndogo: "Miaka yote hii! Kumbe tulikosa mtoto tu." Kisha akamtupia funguo za pikipiki yake. "Kimbia. Na msimu huu hatutoki bila wewe, wala bila hizo."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkoba begani, anatazama jua. Kimya akashuka kwenye pikipiki amejaa vumbi na poda mpaka kwenye nyusi. Hakuwa amechelewa. Ndani, mkewe alikuwa ameketi na lile begi jingine miguuni, na mtoto kifuani amefungwa, badala ya nepi, skafu ya kuwindia iliyotoka begini humo, ya marehemu baba yake Kimya.

"Nimetafuta nepi, nimekuta risasi," alisema. "Haya, sema."

Akasema yote. Alipofika kwenye mfuko wa nailoni, mama mkwe akaketi kizingitini, akacheka hadi machozi, adhuhuri na safari yake akavisahau. Mkewe aling'ata midomo asicheke, ikamshinda, akacheka akimshikilia mtoto asidondoke. Kimya alisimama katikati ya chumba kile akiwa na furaha ambayo hakuna mnyama aliyewahi kumpa. Akaenda kunawa kwa sabuni, mpaka viwikoni, akarudi akampokea binti yake.

Mkewe akavuta cherehani. Akachukua kipande cha kitambaa chekundu, akakishona kwenye begi la risasi, akakata uzi kwa meno, akalitundika begi palepale msumarini.

"Ukitoka tena," alisema bila kumtazama, "uwashe taa. Mtoto akiamka, na aamke. Amuage baba yake."